Mkono niliouachia Milano

Koti langu la kwanza la Armani, jina kubwa la mitindo la Milano, nililinunua soko la Kongowea, Mombasa, juu ya mlima wa mitumba, likiwa limekatika kifungo kimoja. Kwa hiyo niliposhuka Milano Centrale mwezi wa sita, nikitokea Zurich na mwenzangu, nilijihisi kama nimekwenda kusalimia ukweni. Koti halikuwepo tena, lakini nasaba yake nilitaka kuiona.

Nasaba yenyewe haikunishughulisha muda mrefu. Via Montenapoleone, njia ya maduka ya fahari, ni madirisha yasiyo na bei, na dukani tulikoingia mlinzi alitufuata rafu kwa rafu mpaka mwenzangu akamuuliza kama anataka tumchagulie yeye. Ukitaka kuona umaridadi wa Milano, simama kwenye baa ya kahawa asubuhi. Wazee wanaingia na makoti yao ya kitani, wanakunywa wima, mafunda mawili, sarafu juu ya kaunta, wameondoka. Hakuna duka linalouza namna ile ya kusimama.

Mimi ni shoga. Nalitaja neno hili bila haya, maana mama yangu amemwita jirani yake "shoga'ngu" tangu sijazaliwa, na sijui nani alituruhusu kuligeuza tusi. Mwenzangu ni Mtanga. Tulikuja Milano kwa sababu kila tuliyemuuliza alituambia: nendeni Porta Venezia, mtapumua.

Tukaenda. Kituo cha metro chenyewe kimepakwa rangi za upinde wa mvua tangu 2018, na ukitoka nje, njia ya Via Lecco jioni hujaa watu wenye glasi mkononi, wamemwagika hadi barabarani. Wanaume wawili wanabusiana na basi linapita, dereva hata kichwa hageuzi. Mwenzangu akanipa mkono. Nikaushika, na hapo ndipo nilipopata jambo la kufikiria safari nzima.

Maana kushikana mikono si kitu kigeni kwangu. Mombasa nimekua nikiona wanaume wazima, mabaharia, masharifu, wauza madafu, wanatembea vidole vimefungamana wakizungumza biashara. Mimi na mwenzangu tungeweza kutoka Kibokoni mpaka Forodhani mkono kwa mkono na tusiulizwe, kwa sababu hakuna angewaza. Milano tunashikana na kila mtu anajua. Kule usalama wangu ni kutojulikana, huku ni kujulikana. Wazungu hawalijui hili wanapotusikitikia, na sisi hatulisemi, labda kwa kuogopa kuonekana tunautetea ule ukimya. Siutetei. Kifungu cha 162 cha sheria ya adhabu ya Kenya, tulichoachiwa na Mwingereza, bado kinasema miaka 14 jela kwa mapenzi kama yetu, na Mahakama Kuu ya Nairobi ilikataa kukifuta Mei 2019. Italia iliacha kumfunga mtu kwa hili tangu 1890.

Lakini anayekwambia Italia ni pepo, mwulize habari za sheria namba 76 ya 2016. Wawili wa jinsia moja wanapata muungano wa kiraia, si ndoa. Na walipokuwa wakiitunga waliung'oa ule wajibu wa uaminifu ambao mume na mke wanasomewa, kana kwamba kwetu ni kuombana yasiyowezekana. Nilicheka niliposoma, kisha nikanuna. Mwaka 2023 manispaa ya Milano ilitakiwa iache kuandika mama wawili au baba wawili kwenye kumbukumbu za vizazi. Mei 2025 Mahakama ya Katiba iliwapa nafuu mama waliopandikiza mimba nje ya nchi. Mababa wangali wanangoja. Ndiyo maana sipendi makala zinazopima uhuru wa mji kwa idadi ya baa.

Kitu ambacho hakuna aliyetuambia ni kwamba Porta Venezia hiyohiyo ni mtaa wa Wahabeshi. Wamekuwapo miaka mingi, wengi wao Waeritrea, na harufu ya zighini, mchuzi wao wa nyama, inakutana na harufu ya manukato ya Via Lecco kwenye kona moja. Upande huu nilikuwa shoga. Hatua thelathini mbele nikawa Mwafrika, mtu aliyekaa ngazini akanisalimia kwa kichwa, vile tunavyosalimiana ugenini. Na mkono wangu ukauachia ule wa mwenzangu, wenyewe, sikuutuma.

Yeye alijua. Hakusema kitu.

Tukaingia kwenye mgahawa mdogo wa pale. Mama mwenye shela nyeupe akatutazama, akauliza kwa Kiitaliano tuko wangapi, nami nikasema wawili, nikasogeza kiti changu kidogo, kama wafanyakazi wenza walioagizwa na ofisi. Tukaagiza chakula, kila mtu chake.

Mama akarudi na sinia moja. Vyote viwili juu ya injera moja, ule mkate wao mpana kama chapati, mchuzi wangu na dengu zake, akalitua katikati ya meza. Nikaanza kusema tuliagiza mbalimbali. Akatikisa kichwa, akaisukuma ile meza ili kiti changu kiwe karibu, akaniambia tule kabla haijapoa.

Mwenzangu akamega tonge, akalichovya, akaniangalia. Nikafungua mdomo.