Thairoidi Iliyozidi Kasi: Tusiiweke Operesheni Mwisho wa Foleni

Jirani yangu hapa Manyatta, Kisumu, amemeza kabimazoli, vidonge vya kupunguza homoni za thairoidi, tezi iliyo mbele ya shingo, kwa vipindi katika miaka mitano. Mara mbili aliambiwa amepona, akaacha. Mara mbili moyo ulirudi kumdunda usiku, mikono ikatetemeka, nguo zikampwaya, na majirani wakaanza kunong'ona, kama wanavyonong'ona mtu akikonda. Katika miaka yote hiyo hakuna aliyemwambia kliniki kwamba tezi yenyewe inaweza kutolewa. Alisikia kanisani, akashika koo: "Wanikate shingo?"

Hofu hiyo naielewa. Ila naona inapewa uzito kuliko inavyostahili, na wanaoumia ni wagonjwa kama yeye.

Dawa zina haki yake, na niseme hivyo bila kinyongo. Katika ugonjwa wa Graves, ambapo kinga ya mwili huichochea tezi itoe homoni bila kipimo, karibu nusu ya wanaomaliza miezi 12 hadi 18 ya dawa hubaki wazima baada ya kuziacha, shingo yao ikiwa haijaguswa. Mwenye rovu (uvimbe wa tezi hiyo shingoni) dogo na ugonjwa usio mkali aanze na vidonge. Hata anayekwenda kupasuliwa huvimeza kwanza, maana kumpasua mtu homoni zikiwa juu kunaweza kuleta dhoruba ya thairoidi: joto kali, moyo kwenda mbio kupita kiasi, hata kifo.

Lakini nusu ile nyingine hurudiwa, na rovu likiwa kubwa, tumaini la kuponywa na vidonge hupungua. Hao ndio huanzishiwa dozi upya, tena na tena, na hapo kuna jambo linalonikosesha usingizi.

Kwa wagonjwa wachache, kama 1 hadi 5 kati ya 1,000, kabimazoli huangusha ghafla chembechembe nyeupe za damu, zile zinazopigana na maambukizi. Dalili zake ni homa na koo kuuma. Maagizo ni mafupi: acha dawa siku hiyohiyo, nenda ukapimwe damu. Sasa yalete maagizo hayo kando ya Ziwa Victoria. Homa hapa imeshapewa jina kabla mgonjwa hajafika mlangoni. Atapita duka la dawa anunue za malaria, alale siku tatu, na katika siku hizo tatu ataendelea kumeza kabimazoli kwa uaminifu. Pengine atapimwa malaria na kweli atakutwa nayo, na hapo hakuna atakayeuliza zaidi. Koo nalo litapewa maji ya chumvi. Tukio lenyewe ni adimu, ndiyo, lakini mahali ambapo homa ni ya kila mwezi, dalili yake imejificha mchana kweupe. Hutokea zaidi miezi mitatu ya mwanzo, na anayeanza dawa upya baada ya kurudiwa hurejea kwenye hatari ileile. Jirani yangu ameshaanza mara tatu. Nilipomuuliza kama aliwahi kuonywa kuhusu koo, alinitazama tu.

Kuna njia ya tatu, iodini ya mionzi, inayoiharibu tezi kutoka ndani. Mwongozo wa 2019 wa NICE, taasisi ya Uingereza inayotoa miongozo ya matibabu, unaitanguliza kwa wengi wenye Graves, na ubora wake si wa kubishia: unameza, hakuna kisu. Ila wagonjwa wa huku kwa kawaida hupelekwa Nairobi, safari ya kama kilomita 350. Ukirudi, unatakiwa kulala peke yako na kukaa mbali na watoto kwa siku kadhaa, na sijui chumba kimoja cha mtaa wa Nyalenda hapa Kisumu kigawanywe vipi. Mwanamke asishike mimba kwa miezi 6. Na wale ambao Graves imewatokeza macho, macho hayo huweza kuzidiwa.

Operesheni, basi. Tezi yote ikitolewa, homoni zilizozidi zimepoteza chanzo chake, na rovu lililokuwa linabana njia ya hewa limeondoka siku hiyo. Mwongozo wa Chama cha Thairoidi cha Marekani wa 2016 unaihesabu kuwa chaguo halali sambamba na hizo mbili, hasa kwa rovu kubwa na kwa mwanamke anayetaka mimba karibuni. Wengi hukwama wakisikia kwamba baadaye ni kidonge cha kila siku maisha yote. Ni kweli. Lakini kidonge hicho, levothairoksini, kinachoziba pengo la homoni ya tezi, humezwa alfajiri tumbo tupu, nusu saa au zaidi kabla ya chai. Ukiisahau leo huanguki, kwa kuwa hukaa mwilini siku nyingi. Ni salama kwa mjamzito. Na dozi ikishatulia, kipimo cha damu mara moja kwa mwaka hutosha. Haimfanyi mtu aogope homa.

Gharama ya kisu ipo, na haifai kufichwa. Neva ya sauti inapita nyuma ya tezi. Ikijeruhiwa, sauti hukwaruza, na kwa mwalimu au mwimbaji wa kwaya hilo si dogo. Tezi nne ndogo kama punje za mchele, zinazosimamia kalsiamu, zikiguswa, midomo na vidole hufa ganzi siku chache baadaye. Mara nyingi hupita. Kwa mkono uliozoea, madhara ya kudumu ya aina hizi ni mgonjwa 1 au 2 kati ya 100.

Uzito wote uko kwenye hayo maneno, mkono uliozoea. Theodor Kocher wa Bern, aliyepata Nobel mwaka 1909, alipasua matezi maelfu, na vifo vilivyokuwa vingi alipoanza vikashuka chini ya asilimia 1. Utafiti wa Marekani uliochapishwa 2017 uliona matatizo yakipungua kwa madaktari wanaofanya zaidi ya operesheni 25 za tezi hii kwa mwaka. Kwa hiyo mgonjwa ana haki ya kumuuliza daktari wake: umefanya ngapi mwaka jana? Jibu likiwa dogo Kisumu, aulize Eldoret, matatu zipo kila siku.

Jirani yangu ameliandika swali hilo kwenye daftari lake la kliniki. Chini yake ameongeza lingine: homa ikinishika kabla ya siku ya operesheni, nikapimwe damu wapi?