Saa iliyochorwa kombo na sindano ya haloperidol

Wanaobeza vipimo vya akili vya karatasi na kalamu wana hoja. Mzee akipata alama 18 kati ya 30 katika MMSE, kipimo kilichotoka Marekani mwaka 1975, jumla hiyo haisemi demensia yake, yaani ugonjwa wa kupoteza kumbukumbu na uwezo wa kufikiri, ni ya aina gani: Alzheimer, ya mishipa ya damu ya ubongo, au ya Lewy, inayotokana na chembe za protini zinazojikusanya ubongoni. Ambaye hakwenda shule atapoteza alama hata akiwa na akili timamu. Wakongwe wengi pia wana magonjwa mawili kwa pamoja, na sasa kuna vipimo vya damu vinavyoonyesha dalili za Alzheimer.

Lakini wengi hutazama jumla tu, wasiulize alama zimepotelea wapi. Mpe mgonjwa maneno ayakumbuke baadaye. Mwenye Alzheimer, hata ukimdokezea "ni tunda", mara nyingi neno halipati, maana halikuhifadhiwa. Wa mishipa huchelewa, ila akidokezwa hulikumbuka. Aliyeathirika sehemu ya mbele ya ubongo huenda akakumbuka vizuri, kisha akakwama kutaja wanyama kwa dakika moja.

Wa Lewy je? Maneno anayakumbuka kiasi, ila mwambie achore saa: namba zinarundikana, mishale haieleweki. Huyu ndiye anayeona watoto wasiokuwepo chumbani. Nyumbani watasema karogwa. Hospitalini, akisumbua usiku, atachomwa haloperidol, dawa ya kutuliza, rahisi na iliyozoeleka. Mwaka 1992 Ian McKeith na wenzake wa Newcastle, Uingereza, waliripoti kwamba takriban nusu ya wagonjwa wa Lewy waliopewa dawa za jamii hiyo walidhurika vibaya. Walikuwa wagonjwa wachache, kweli, lakini onyo lile lipo hadi leo: mgonjwa anaweza kukakamaa, kuzama usingizini, hata kufa. Saa mbovu peke yake haithibitishi Lewy. Ila inatosha kumfanya daktari aulize dalili nyingine za Lewy, kama mzee hupiga mateke usingizini, kama hatua zimekuwa fupi, kabla ya kuagiza sindano.

Na asiyejua kuandika? Wilayani Hai, Kilimanjaro, kilijaribiwa kipimo cha IDEA: mzee anapanga njiti za kiberiti kwa kufuata mfano, anaeleza daraja ni nini, anataja wanyama. Kina alama 15, na kazi yake ni kubaini demensia, si aina yake. Hata hivyo, anayeshindwa njiti huku maneno anayakumbuka ameshatoa fununu. Fununu hiyo iandikwe kwenye faili, isimezwe na jumla.