Kesi ya shamba inaporudi sifuri

Majaji wa Rufani wanafungua jalada la mgogoro wa ardhi. Hukumu ya Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya inasema wazee wa baraza, yaani washauri wanaoketi na mwenyekiti kusikiliza kesi, waliafiki. Wanapekua ukurasa kwa ukurasa: karatasi ya maoni ya wazee haimo. Mwenendo wote unabatilishwa, kesi ianze upya mbele ya mwenyekiti mwingine na wazee wengine. Aliyeshinda anarudi nyumbani sawa na aliyeshindwa.

Amri za namna hii zimekuwa nyingi Tanzania, hasa baada ya Mahakama ya Rufani kuamua Rufani ya Madai Namba 287 ya 2017 dhidi ya Halmashauri ya Jiji la Mbeya. Majaji wana hoja nzito. Kifungu cha 23 cha Sheria ya Mahakama za Migogoro ya Ardhi, Sura ya 216, kinataka mwenyekiti aketi na wazee wasiopungua wawili, na kanuni za 2003 zinataka kila mzee atoe maoni kwa maandishi kabla ya hukumu, hata kwa Kiswahili. Maoni yasiposomwa mbele ya wadaawa, yaani pande mbili za kesi, nani atathibitisha kwamba mzee alisema chochote? Mwenyekiti anaweza kumlisha maneno.

Lakini sheria hiyohiyo, kifungu cha 45, inakataza kutengua uamuzi kwa kasoro ambayo haikuleta dhuluma. Kesi ikianza upya, shahidi aliyeuona mwembe wa mpakani ukipandwa huenda keshazikwa. Na kwa kuwa kasoro mara nyingi huibuliwa na mahakama yenyewe, kila upande hubeba gharama zake. Kosa la mwenyekiti, nauli ya mkulima!

Mimi ningetofautisha. Baraza lililoanza bila wazee kabisa halikuwa baraza, lianze upya. Ila wazee waliosikiliza hadi mwisho, ikakosekana karatasi tu, jalada lirudishwe pale lilipokatikia, wazee hao wakiwepo bado, wasome maoni yao, hukumu iandikwe upya.

Katika jinai, Mahakama ya Rufani ya Afrika Mashariki ilishaonya mwaka 1966 kwamba kesi isirudiwe ili kuupa upande wa mashtaka nafasi ya kuziba mapengo ya ushahidi wake. Kwenye kesi ya shamba, nafasi hiyohiyo anaipata aliyeshindwa: ameisoma hukumu iliyofutwa na anajua shahidi wake yupi alijikanyaga. Safari hii atamleta mwingine.