Jiko Limepewa Likizo

Mwenzenu naishi Tabata. Jiko la gesi ninalo, mtungi umejaa, kiberiti kipo, unga upo kwenye ndoo, na bado nalala na njaa.

Mama watoto ameamua nyumba nzima tuhamie kwenye vyakula vibichi. Msidhani nazungumzia kachumbari pembeni ya ugali, la hasha, hilo nisingelilalamikia. Ni kila kitu. Chochote kilichopata joto la kuzidi nyuzi 48 hakivuki mlango wa jikoni, kwa sababu eti vimeng'enya, vile vitu vya ndani ya chakula vinavyosaidia kukisaga tumboni, vinakufa. Siku hizi nikigusa sufuria tu nasikia sauti kutoka sebuleni: "Baba Nasra, unaua uhai humo!" Mimi ambaye kuku tu huwa naomba mtu wa jirani anichinjie.

Nyuzi 48, jamani, katika mji huu! Mwezi wa pili, saa saba mchana, panda juu ya nyumba uguse bati. Mkono utautoa mwenyewe bila kuambiwa. Kwa hesabu hiyo nyanya zote zinazopangwa juani pale sokoni Ilala zinanukia mchuzi kabla hatujazinunua. Nilimweleza hilo, akasema jua ni asili. Nikamuuliza moto je, unatoka kiwandani? Akaenda kukwangua karoti.

Mwanzoni sikukasirika sana, nasema kweli. Nilipiga hesabu ya gesi nikatabasamu kimoyomoyo. Hakuna kupika, hakuna kujaza mtungi, labda na shati jipya litapatikana. Kumbe! Huu ni mji ambao kipindupindu kikizuka tu, kitu cha kwanza kupigwa marufuku kwa mama ntilie ni kachumbari. Na mchicha unaolimwa bonde la Msimbazi, maji yanayoumwagilia kila mtu anayajua, tusidanganyane. Mama Nasra naye si mjinga. Kwa hiyo mchicha, matango, hoho, karoti, vyote vinaoshwa kwa maji yaliyochemshwa yakapoa. Kila jioni sufuria kubwa linabandikwa jikoni, moto wa bluu, mfuniko unacheza, mvuke unatoka, watoto wanakuja mbio, wanafunua: maji. Tunachemsha maji ya kuoshea chakula kisichotakiwa kuona moto. Mtungi unaisha palepale ulipokuwa ukiisha zamani, tofauti ni kwamba zamani ulikuwa unaisha tumeshiba.

Halafu ngoja niwaambie kuhusu wali. Kuna koliflawa, lile ua jeupe linaloteremka na mabasi kutoka Lushoto, bei yake muulize mwenyewe. Linakwanguliwa kwenye kile kikwangulio cha karoti mpaka linakuwa chenga, linatiwa chumvi, ndimu, kitunguu na tui la nazi ambalo halijaonyeshwa moto. Sahani inaletwa mezani. Kwa mbali, taa ikiwa hafifu, utasema kweli ni wali. Unachota kwa hamu, unapeleka mdomoni, na hapo ndipo mdomo unauliza kichwa maswali. Ni baridi. Inalia krachi krachi kama mtu anatembea juu ya kokoto. Tui limejitenga, mafuta juu, maji chini. Mtoto wetu mdogo alikula kimya, akamaliza kwa adabu, akanawa, akarudi akakaa mahali pake. Nikamuuliza vipi. Akasema, "Nasubiri chakula."

Siku ya Ijumaa chenga hizo zilitiwa iliki na mdalasini, tukaambiwa ni pilau. Bibi yangu aliyenilea Pangani ametangulia mbele ya haki, na kwa mara ya kwanza nilishukuru kwamba hakuliona jambo hilo.

Na kutafuna! Hakuna aliyenionya kuhusu kutafuna. Ugali unaumega, unaubonyeza, unachovya, umepita. Dakika kumi na mbili umenawa mikono. Kabichi mbichi haina mpango huo. Unatafuna, unapumzika, unatafuna, taya linauma mpaka sikioni. Nina kibanda cha vifaa vya umeme Kariakoo, nakwenda na mfuko wangu wa majani, na mfuko hauishi mpaka nafunga. Lakini haki ya mtu mpe. Juzi alikuja mteja kutoka mkoani anataka waya, rola nzima. Akataja bei. Mimi mdomo umejaa kabichi, siwezi kujibu, nikatikisa kichwa tu kumwambia subiri. Yeye akadhani nimekataa, akapandisha. Nikaendelea kutafuna huku nikimtazama. Akapandisha tena, akasema, "Mzee, wewe mgumu." Nikapokea hela. Hiyo ndiyo faida pekee niliyoipata mpaka sasa, na mama watoto ameiandika kwenye upande wake.

Habari ya kutafuna ilinitia wazimu mpaka nikaanza kusoma, mtu ambaye kwa kawaida nasoma risiti. Ndipo nikakutana na Mwingereza anaitwa Richard Wrangham, profesa wa Harvard, ambaye ujanani, miaka ya 1970, alikuwa hapahapa kwetu Gombe, Kigoma, akiwafuata sokwe msituni pamoja na Jane Goodall. Baadaye akaendelea nao Kibale, Uganda. Huyu bwana hakuishia kuwatazama, alionja mpaka vyakula vyao, na hakuvisifia hata kidogo. Anasema sokwe anatumia karibu saa sita kwa siku kutafuna tu. Saa sita! Binadamu anayepika anatumia kama saa moja. Hoja yake ni kwamba moto ndio uliotufanya tuwe watu: chakula kilichopikwa ni laini, wanga wake unafunguka, mwili unapata nguvu nyingi kwa kazi ndogo, basi tumbo likapungua na ubongo ukapata nafasi ya kukua. Wapo wataalamu wanaobishana naye kuhusu ni lini hasa moto ulianza kutumika, hayo nawaachia wenyewe. Mimi la saa sita linanitosha. Nilimsomea mama watoto kwa sauti. Akasema, "Na sokwe umewahi kumwona ana kitambi?"

Nikanyamaza siku hiyo. Lakini nilikuwa nimeshaonja utamu wa ushahidi, sikuacha. Alipoloweka maharage mekundu ili yachipue tuyale hivyohivyo, nilisimama katikati ya jikoni na simu yangu kama wakili. Maharage hayo mabichi yana sumu, punje chache tu zinatosha kukutapisha, na dawa yake ni kuchemshwa motoni mpaka yatokote sawasawa, si kupashwa vuguvugu. Akasoma mwenyewe. Akasoma tena. Maharage yakarudi kwenye kopo, zikaletwa choroko, ambazo zikichipua watu huzila. Tukatafuna choroko.

Kwenye muhogo nilipata shida zaidi, maana hapo mkono wangu mwenyewe haukuwa safi. Wanaume wa Dar mnajua lile toroli: muhogo mbichi, nazi, karanga mbichi, watu wazima wamesimama wanatafuna huku wakitazama barabara, kila mmoja anajifanya alikuwa anapita tu. Mama watoto akaniambia, "Kumbe kibichi unakijua, unachagua tu sababu." Nikabaki sina jibu. Ilibidi nimkumbushe kwamba ule ni muhogo mtamu, na kwamba ule mchungu una sayanaidi, unalowekwa, unaanikwa, unatwangwa ndipo uliwe. Tarime na Mtwara, miaka ya ukame, watu walipoharakisha hizo hatua kwa sababu ya njaa, walipata konzo, miguu ikapooza. Hilo si la mzaha, na hakulifanyia mzaha. Muhogo ukafutwa kwenye orodha, na mimi nikawa nimejichongea, maana toroli nalo limefutwa.

Ushindi wangu mkubwa ulikuwa korosho. Ananunua korosho nyeupe, anasaga anaita jibini. Hela ya kilo moja ya korosho ni unga kilo kumi na chenji juu. Sasa nina rafiki wa Newala, yeye ndiye aliyenipa silaha. Ganda la korosho lina mafuta yanayounguza ngozi, kwa hiyo korosho hukaangwa au hupigwa mvuke kwanza ndipo ibanguliwe. Hiyo unayoiita mbichi imeshapita motoni kabla hujaiona! Nilirudi nyumbani natembea kifua mbele. Nikasema yote. Akanisikiliza mpaka mwisho, akanishukuru, kesho yake akanunua lozi. Bei ya lozi sitaitaja hapa, kuna watu wana presha.

Hata huyo wanayemtukuza watu wa vyakula vibichi, Maximilian Bircher-Benner, daktari wa Uswisi aliyefungua kituo chake cha tiba Zurich mwaka 1904, akawalisha wagonjwa tufaha la kukwangua, oti za kulowekwa, ndimu na lozi: kwenye bakuli lake aliongeza maziwa mazito ya kopo yenye sukari. Maziwa ya kopo! Yale hayakukamuliwa kwa ng'ombe yakiwa vile. Nikaomba na mimi kopo moja tu, kwa heshima ya mwanzilishi. Nikanyimwa.

Sisemi mboga mbichi mbaya. Vitamini C kweli inapotea ukichemsha mchicha mpaka ukawa mweusi, na mama zetu kwa hilo wana hatia. Lakini karoti na nyanya zikipikwa mwili unafaidi zaidi baadhi ya vitu vyake, na vimeng'enya vyenyewe vingi vikifika tumboni vinakutana na asidi vinavunjwavunjwa. Vinakufa vilevile, ila mbali na macho ya mama watoto.

Mbaya zaidi ni jioni. Saa moja kamili jirani wa upande wa pili anaanza kukaanga samaki. Anakaanga dirisha wazi. Harufu inaingia, inakaa kwenye kochi. Mimi niko na tango. Matokeo yake nimekuwa mwema sana mtaani, msiba wowote nahudhuria, wa ninayemjua na nisiyemjua, nakaa mpaka sinia la pilau litembee, na arobaini nauliza ni lini. Wazee wananisifia kwamba nimebadilika.

Kwa sasa tumefikia mapatano nusu. Mchana kibichi, usiku moto unaruhusiwa mara chache, kwa ajili ya watoto, na mimi nahesabiwa miongoni mwao. Kilichobaki ni chai. Yeye anasema iwe vuguvugu, chini ya zile nyuzi zake. Chai ya rangi vuguvugu, yenye tangawizi, saa kumi na mbili asubuhi! Kesi hiyo bado inasikilizwa.

Jana usiku nikamsikia anazungumza na dada yake kwenye simu, kwamba hatua inayofuata tutakula mlo mmoja tu kwa siku. Nikauliza kutokea chumbani kama huo mmoja ni wa moto.