Andikeni Jina Lake

Mama mmoja wa hapa Katuba, mtaa wa Lubumbashi, Kongo, alipika sombe na samaki mkavu siku tisa mfululizo. Kila asubuhi alijaza sufuria ndogo, akaifunga kwa kitambaa, akapanda basi mpaka kwenye geti la ofisi moja ambayo sitaitaja, akamkabidhi mlinzi, akakaa chini ya mti kusubiri. Saa nane mchana sufuria ilirudi tupu, naye akarudi nyumbani na moyo kidogo, maana mtoto yuko ndani na anakula. Siku ya tisa aliifungua akiwa ndani ya basi. Hata vichwa vya samaki vilikuwa vimetafunwa. Mtoto wake hajala kichwa cha samaki tangu azaliwe.

Alishuka, akarudi getini kwa miguu. Jibu la mlinzi amelirudia mbele yangu mara nyingi hata mimi nimelikariri: "Mama, ule mutoto haiko huku. Hatumujui." Akauliza, basi chakula cha siku zote hizi kilikuwa kinaliwa na nani? Mlinzi akafunga kidirisha.

Mimi nina sekretaria publiki karibu na soko: meza mbili, kompyuta moja, mashine ya fotokopi. Nachapa maombi ya kazi, mikataba ya kupanga nyumba, matangazo ya kilio. Nachapa pia barua za kutafuta watu. Mama yule alikuja kwangu jioni ileile, sufuria bado mkononi. Nikamuuliza ninayowauliza wote. Walimchukua lini? Jumanne, usiku, kwenye saa nne. Walikuwa wangapi? Wanne, nguo za kiraia, mmoja ana bunduki. Gari gani? Jeep, haina plaki ya namba. Kijana anafanya nini? Anauza krediti ya simu kwenye kona. Nikafika kwenye mstari ninaouacha wazi kila mara, ule wa nambari aliyoandikiwa katika daftari la kasho, yaani mahabusu. Hakuna. Hakuandikwa popote.

Miaka yote ninayochapa barua hizi, mstari huo ndio unaonikosesha usingizi. Mtu asiyeandikwa hajaingia. Na kama hajaingia, hakuna wa kuulizwa alitokaje, wala mikono yake ilivunjikaje.

Wengi wanaokuja kwangu wanaamini nchi yetu haina sheria. Ninazo hapa kwenye faili, nimezifotokopi mpaka wino umefifia. Katiba ya 2006, kifungu cha 18, inasema anayekamatwa aambiwe mara moja sababu, tena kwa lugha anayoielewa; ana haki ya kuwasiliana na jamaa zake au avoka wake, yaani wakili, papo hapo; na zikiisha saa 48 aachiliwe au apelekwe mbele ya mamlaka ya sheria. Sheria nambari 11/008 ya tarehe 9 Julai 2011 iliingiza kosa la utesaji katika Kanuni ya Adhabu. Mtesaji anastahili miaka 5 hadi 10 jela. 10 hadi 20 kama aliyeteswa ameumia vibaya, au ni mjamzito, mtoto, mzee au mtu mwenye ulemavu. Kifungo cha maisha kama amekufa. Hakuna aliyetufichia maneno hayo. Mtoto aliyezaliwa mwezi ule wa Julai leo yuko sekondari.

Wakubwa wakiulizwa husema utekelezaji unahitaji muda. Mimi nauliza muda wa kufanya nini hasa. Daftari la jalada gumu la kurasa 200 nauza mwenyewe hapa dukani, na kalamu nauza. Kuandika jina, saa aliyoingia, nani kamleta, hali ya mwili wake, na kumwonyesha mama anapouliza, ni kazi ya dakika tano. Haihitaji pesa za wafadhili wala semina ya siku tatu hotelini. Kinachokosekana ni mkubwa mmoja wa kusema: kuanzia leo, ofisi yoyote itakayokutwa na mtu asiyeandikwa, mkuu wake analala ndani yeye.

Nchi ilijiunga na Itifaki ya Umoja wa Mataifa ya kuzuia utesaji mwaka 2010. Itifaki hiyo inataka kila nchi, ndani ya mwaka mmoja, iwe na chombo huru cha kuingia katika kasho lolote bila kubisha hodi siku tatu kabla. Ujumbe wetu ulipokaa mbele ya Kamati dhidi ya Utesaji kule Geneva mwaka 2019, chombo hicho kilikuwa bado hakijaundwa. Kabla ya hapo, mara ya mwisho kukaa mbele ya Kamati hiyo ilikuwa 2005. Miaka 14 katikati! Mwenye nyumba wangu hanisubiri hata siku 14.

Kwa kutoweshwa hali ni mbaya zaidi. Sheria ya 31 Desemba 2015, iliyoleta makosa ya Mkataba wa Roma, ule wa Mahakama ya Kimataifa ya Jinai, katika Kanuni yetu, inataja kumtowesha mtu kama jinai dhidi ya ubinadamu, yaani lazima uonyeshe shambulio lililoenea au lililopangwa dhidi ya raia. Mama wa Katuba atalionyesha wapi? Yeye ana mtoto mmoja na sufuria moja. Kinachobaki kwake ni kifungu cha 67 cha Kanuni ya Adhabu, cha kumkamata au kumshikilia mtu kinyume cha sheria. Kifungu hicho kinamfaa yule aliyemvuta kijana usiku. Hakimgusi aliyekaa kwenye kidirisha akasema "hatumujui". Na kwangu mimi neno hilo ndilo kosa lenyewe. Wezi huteka watu, wahuni huteka watu. Serikali inapomchukua mtu halafu ikamkana mbele ya mama yake, hapo ndipo mtu anapotoweka. Uongo ule unahitaji kifungu chake, chenye jina lake na miaka yake.

Sisi wa Lubumbashi tusingepaswa kufundishwa haya. Lumumba alishushwa kwenye uwanja wa ndege wa hapa tarehe 17 Januari 1961, akauawa usiku uleule, mwili ukayeyushwa kwa asidi ili pasiwe na kaburi. Juni 2022 jino lake lilirudi, ndani ya sanduku, likapitishwa Shilatembo, pale alipouawa, na watu wazima walilia barabarani kwa ajili ya jino moja. Nilikuwepo. Serikali ilijua kabisa siku ile maana ya familia kupata kitu cha kuzika.

Halafu kampasi ya Chuo Kikuu cha Lubumbashi. Usiku wa kuamkia tarehe 12 Mei 1990, umeme ukakatika kule chuoni, wauaji wakaingia mabwenini wakiitana kwa neno la siri, "Lititi mboka", na asiyejua kujibu aliumia. Serikali ya Mobutu ilisema aliyekufa ni mmoja. Wengine walitaja makumi, wengine zaidi. Mpaka leo hatuna orodha tunayokubaliana. Kuna wazee hapa mjini ambao wamekufa bila kujua waweke jina la mtoto wao katika misa ya wafu au wamwombee arudi.

Na Fidèle Bazana. Tarehe 1 Juni 2010 alimpeleka kwa gari mtetezi wa haki za binadamu Floribert Chebeya kwenye mwito wa makao makuu ya polisi mjini Kinshasa. Chebeya alikutwa amekufa kesho yake, ndani ya gari lake. Bazana hakuonekana tena. Ilichukua zaidi ya miaka 10 mpaka polisi waliokiri kushiriki wakafungua midomo, na Mei 2022 Mahakama Kuu ya Kijeshi ikatoa hukumu mpya. Mwili wa Bazana familia yake haijapewa. Ndiyo kesi inayojulikana kuliko zote nchini, na imekwenda hivyo. Muuza krediti ategemee nini?

Sasa neno gumu, na najua litawaudhi baadhi ya majirani. Ucheleweshaji huu sisi pia tunaulisha. Mwizi wa simu akikamatwa pale soko, tunapiga makofi polisi wakimkanyaga. "Bamufinye, ataongea." Nimesikia mama mmoja mcha Mungu akisema hivyo kuhusu kijana wa kuluna, yaani genge la mtaani, na mwaka uliofuata alikuja kwangu kuchapa barua ya mtoto wake mwenyewe. Aliponiona nakumbuka, alitazama chini. Sikumlaumu. Usalama wetu ni mbaya, watu wamechoka kuvunjiwa milango usiku. Lakini mkono tulioushangilia ukimpiga mwizi ndio mkono huohuo, na hauulizi kabla ya kupiga kama huyu ni mwizi kweli. Mbunge akiona wapiga kura wanashangilia, kwa nini ahangaike na sheria?

Wengine wataniambia kuko vita. Najua kuko vita. Goma ilianguka mikononi mwa waasi wa M23 mwishoni mwa Januari 2025, Bukavu ikafuata Februari, na ndugu zetu kule wanatafuta watu wao kwenye makontena na mageti ambako hata kuuliza ni hatari. Serikali yetu inapaza sauti kuhusu mateso hayo, na inafanya vema. Mimi nataka ipaze zaidi. Ila kifungu cha 61 cha Katiba kinasema hata katika hali ya hatari, hata katika hali ya kuzingirwa, katazo la utesaji haliondolewi. Walioandika maneno hayo walijua vita itatajwa kila mara. Na kutoka hapa mpaka mstari wa mbele ni zaidi ya kilomita elfu moja kwa barabara. Kidirisha cha Lubumbashi hakikufungwa na M23.

Kijana alirudi siku ya 26. Walimwacha usiku kando ya barabara ya Kipushi, bila viatu. Hakusema alikokuwa, ila nilipomtembelea nilimwona akishika kikombe cha chai kwa mikono miwili, kama mtoto anayejifunza kunywa. Mkono wa kulia haukunji ngumi. Kwenye viwiko kulikuwa na alama za kamba, moja bado mbichi. Mama yake alikuwa akimtazama mikono, halafu ananitazama mimi, kama vile ninayejua kuchapa nijue pia la kufanya.

Tulikwenda kwa daktari. Mtu mwema, hakutaka hata pesa ya fishi, yaani kadi ya mgonjwa. Lakini akasema cheti kitakachokuwa na uzito mbele ya jaji kinahitaji kwanza rekizisyo, yaani karatasi ya kumwagiza, na karatasi hiyo hutolewa na OPJ, yaani afisa wa polisi wa upelelezi, au na hakimu wa parke, yaani ofisi ya mwendesha mashtaka. Kwa hiyo aliyeteswa arudi kuomba karatasi kwa watu wanaokaa upande uleule wa meza na waliomtesa. Huko tukaulizwa: waliokuchukua ni askari au ni raia? Kama ni wanajeshi au polisi, kesi ni ya oditora, yaani waendesha mashtaka wa kijeshi. Kama ni raia, parke. Yeye alijibu ukweli, kwamba walikuwa na nguo za kiraia na gari lisilo na plaki. Ofisi ya kwanza ikatutuma ya pili, ya pili ikaturudisha ya kwanza, na alama za kamba zikawa zinapona.

Mwishowe nilichapa malalamiko mawili, yanafanana neno kwa neno, nikapeleka moja kila upande. Mstari wa nambari ya daftari niliuacha wazi, nikaandika chini yake: "Hakuandikwa. Tunaomba mkuu wa ofisi aeleze kwa nini." Upande mmoja walikataa kupokea. Upande wa pili karani alipiga muhuri, akaweka saini na tarehe, akanirudishia nakala yangu. Kijana sasa yuko Kolwezi kwa mjomba wake, na amesema akiitwa atakuja. Nakala nimeibandika ukutani juu ya mashine ya fotokopi. Leo ni siku ya 214 tangu muhuri ule, hajaitwa.