Mia tatu za kutuliza transfoma

Mia tatu kila nyumba, na ploti yetu hapa Kaptembwo, Nakuru, ina nyumba kumi na nane, piga hesabu mwenyewe. Zote zimeishia kwa kijana wa kofia ngumu aliyeahidi "kutuliza" transfoma iliyo nyuma ya ploti. Kosa lake? Inavuma usiku.

Nilimuuliza kwa upole inavuma kwa nini. Akaniangalia kama nimemwitisha kitambulisho. "Stima imejaa sana ndani, mzee."

Imejaa! Kama mtungi wa gesi.

Ndani ya lile pipa mna mabati membamba ya chuma, yamebanwa pamoja kama kurasa za daftari, yakazungushiwa nyaya na kuzamishwa kwenye mafuta. Chuma kikishikwa na sumaku hubadilika urefu, tena kidogo sana, hata unene wa unywele haufiki. Mwingereza James Joule alilipima jambo hili miaka ya 1840, reli ikiwa bado zaidi ya miaka hamsini kufika Nakuru. Sasa stima yetu huenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Ikienda, chuma kinashtuka. Ikirudi, kinashtuka tena, maana hakijali sumaku imeelekea wapi. Hiyo ni mara 100 kila sekunde, na mtikisiko wote unapita kwenye mafuta hadi kwenye ganda la pipa. Ndiyo ile mmmmm. Haihitaji kujaa chochote: saa tisa usiku, pasi na runinga zote zimezimwa, bado inavuma madamu laini ina stima. Tunaisikia zaidi kwa sababu matatu zimelala.

Haya, nakubali shingo upande, bolti zikilegea kelele huzidi. Lakini hizo hukazwa laini ikiwa imezimwa, na siku ile redio ya Mama Shiro haikukatika hata neno moja. Fundi aligonga nguzo mara mbili kwa spana, akafunga waya mwekundu chini yake, akaondoka na pikipiki.

Ukisikia inapasuka-pasuka kama bisi, hapo toka mbio upige simu.

Jana jioni Mama Shiro alinikuta kibandani nikikatiwa sukuma. "Baba Njeri, si umeona kumetulia?"

Nikatega sikio. Mmmmm, ile ile.

Anasema tangu Jumanne analala fofofo.