Jina Langu Kwenye Simu Yako Si Dhamana

Ujumbe uliingia saa tatu asubuhi nikiwa kazini, kutoka namba nisiyoijua. Ulianza kwa salamu nzuri, halafu ukageuka. Mtu fulani, jina lake kamili na namba yake ya simu, amekopa fedha akakimbia. Ni tapeli. Wewe ni mtu wake wa karibu, mwambie alipe leo kabla ya saa kumi jioni, la sivyo hatua zitachukuliwa dhidi yenu wote. Chini yake kulikuwa na picha aliyojipiga mwenyewe, ameshika kitambulisho cha NIDA usawa wa kidevu, macho yamevimba kama mtu aliyekesha.

Nilimtambua papo hapo. Ni fundi wangu wa nguo kule Tandika. Mimi si mtu wake wa karibu. Ananishonea gauni mbili tatu kwa mwaka, na siku hiyo kitenge changu kilikuwa mezani kwake kinasubiri kukatwa. Hicho tu ndicho kilichoiingiza namba yangu kwenye simu yake.

Jioni nilipita kwake. Nilikuta wanawake wanne wamesimama mlangoni pa fremu, na hakuna aliyepaza sauti. Mmoja mmoja walisema maneno yaleyale: "Dada, naomba tu kitambaa changu, nitakirudisha siku nyingine." Na yeye alikuwa anavitoa kwenye mfuko wa salfeti. Kila kitambaa kilikuwa kimebanwa kwa pini na kikaratasi cha vipimo. Anachomoa pini, anakunja kitambaa vizuri, anakabidhi kwa mikono miwili, kikaratasi kinabaki mezani. Wa nne alipoondoka, vikaratasi vilikuwa vimelala pale, kifua 38, kiuno 32, urefu hadi kwenye kifundo, vipimo vya nguo ambazo hazitashonwa tena na yeye.

Hadithi yenyewe ni fupi. Mota ya cherehani iliungua siku chache kabla ya Idi, msimu ambao fundi hulala kwa muda wa saa tatu tu usiku. Akaona tangazo la mkopo wa dakika tano, akafungua kiungo alichotumiwa kwenye WhatsApp, akapakua programu. Aliomba shilingi 80,000. Kwenye simu ziliingia 56,000, nyingine zilikatwa kwa jina la gharama za huduma, na alitakiwa kurudisha 80,000 kamili ndani ya siku saba. Pigeni hesabu wenyewe. Ni zaidi ya asilimia 40 kwa wiki moja. Mtaani mikopo ya namna hii tunaiita kausha damu, na sijaona jina linaloifaa zaidi.

Siku ya nane alikuwa na 50,000 mkononi, akaomba apewe siku tatu. Jibu lake ndilo lile lililotufikia sisi wengine.

Riba ni ubaya wa wazi, na watu wengi wameshaisema. Mimi nimekwama kwenye jambo lingine. Wakati anapakua ile programu, kioo kilimuuliza kama anairuhusu kusoma anwani zake, yaani majina na namba za watu alizohifadhi. Alibonyeza "Ruhusu" kwa sababu bila hivyo haikuendelea. Kwa kubonyeza mara moja akawa ametoa majina ya watu zaidi ya 400. Mimi sikuulizwa. Mama yake kule Kilwa hakuulizwa. Yule aliyemuuzia nyuzi Kariakoo mwaka juzi hakuulizwa. Ruhusa ya mtu mmoja imechukuliwa kuwa ruhusa yetu sote, na hiyo kwangu si ruhusa.

Na tusidhani kwamba orodha ya majina ni namba tu. Chukua simu yako uipitie taratibu. Sisi hatuandiki majina ya watu kama yalivyo kwenye vyeti, tunaandika uhusiano. Mama Mkwe. Boda wa Kona. Baba Asha Fundi Bomba. Mwenye Nyumba. Shemeji Mpya. Nesi CTC. Mwanasheria wa Talaka. Anayeisoma orodha hiyo anajua unaishi wapi, unamdai nani, unamwogopa nani, unatibiwa nini, na ndoa yako imefika wapi. Kuna mwanamke ambaye mumewe hajui kwamba anakwenda CTC, kliniki ya wenye VVU. Kuna kijana ambaye bosi wake hajui kwamba anatafuta kazi kwingine. Siri hizo zimehifadhiwa kwenye simu kwa sababu tunaamini simu ni kama sanduku la chini ya kitanda. Sasa zimeuzwa kwa 56,000.

Ndiyo maana nasema jambo hili ni la haki kabla halijawa la teknolojia. Mwenye nyumba akitaka mkopo benki anaweka hati. Mwajiriwa anapeleka hati ya mshahara na barua ya mwajiri. Fundi cherehani wa fremu ya kupanga hana hati wala mwajiri, kwa hiyo anawekeshwa kitu pekee alichonacho, watu wake. Heshima yake kwa wateja, aibu yake kwa wakwe, jina lake msikitini au kwaya. Tajiri akishindwa kulipa, benki inafuata taratibu za sheria, inapiga mnada kiwanja, na jirani anaweza asijue kamwe. Maskini akichelewa siku moja, anatangazwa kwa mtaa mzima.

Kuna watakaoniambia deni ni deni, alikopa mwenyewe, na wahenga walisema kukopa harusi, kulipa matanga. Nakubali deni lilipwe. Sijawahi kumtetea mtu anayekula fedha ya mwenzake, na yeye mwenyewe hakukana hata senti moja. Lakini dai lina njia zake, na mahakama za mwanzo zipo kila wilaya. Na wanaoshangilia aibu hii watazame ilichozaa. Fundi analipa deni kwa kushona. Aliyemdai amewafukuza wateja, amefunga mlango ambao fedha yake ingepitia. Wiki ile alipoteza kazi za vitambaa 11. Kama lengo lilikuwa arudishe 80,000, hakuna njia mbaya zaidi waliyoweza kuchagua. Nadhani lengo lilikuwa hofu, ili wengine 400 wajue kitakachowapata.

Nimekuwa mwanachama wa kikoba, kikundi cha kuweka akiba na kukopeshana, miaka sita, kwa hiyo najua kwamba dhamana ya watu si wazo baya lenyewe. VICOBA vimesimama juu ya hilo. Sanduku letu lina kufuli tatu, na funguo wanakaa nazo watu watatu tofauti. Ukitaka mkopo unasimama mbele ya kikundi, unasema unakwenda kufanyia nini, unataja wadhamini wako. Mdhamini anaulizwa mbele ya wote kama anakubali. Akisema hapana, hakuna anayemlazimisha. Akisema ndiyo, anasaini kwenye daftari, na anajua kwamba ukichelewa yeye ndiye atakayegongewa mlango. Naye ana faida yake, maana hisa zake zimo kwenye sanduku lilelile, na riba unayolipa inamrudia tukigawana mwisho wa mzunguko. Programu hizi zimeiba umbo la jambo hilo na kuutupa moyo wake. Zimetufanya wadhamini bila kutuuliza, bila saini, bila gawio.

Hatuko gizani kisheria. Katiba yetu, ibara ya 16, inatambua haki ya kila mtu kuheshimiwa na kuhifadhiwa maisha yake binafsi na mawasiliano yake. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ilitungwa mwaka 2022 na kuanza kutumika Mei 2023, na Tume yake ilizinduliwa Aprili 2024. Agosti mwaka huohuo Benki Kuu ilitoa mwongozo kwa wanaokopesha kidijitali, na Novemba ikatangaza kuzifungia programu na majukwaa 69 yaliyokuwa yakikopesha bila leseni. Niliifurahia hatua ile, nasema kwa moyo wote. Duka la programu la Google nalo, tangu mwisho wa Mei 2023, limezikataza programu za mikopo binafsi kugusa anwani na picha za simu. Wakenya walitutangulia kidogo, kwani sheria yao ni ya 2019, na mwaka 2023 Kamishna wao wa Ulinzi wa Data aliitoza kampuni ya mikopo ya mtandaoni faini ya shilingi milioni 5 za kwao kwa sababu ya malalamiko kama haya yangu.

Lakini programu ikifungiwa, ile orodha inakwenda wapi? Hili ndilo linaloninyima usingizi. Jina la programu linafutwa, kesho linakuja jingine lenye rangi nyingine na kiungo kingine cha WhatsApp, na majina yetu yamo kwenye kompyuta ileile. Kufunga duka la mwizi bila kuvirudisha alivyoiba ni nusu ya kazi. Ningependa kila anayefungiwa atakiwe kuthibitisha mbele ya Tume kwamba amefuta alichochukua, na asiyethibitisha ashitakiwe kama mtu, si kama programu. Laini zetu zote zimesajiliwa kwa alama za vidole, kazi tuliyoifanya kwa foleni ndefu kati ya 2019 na Januari 2020. Tuliambiwa ni kwa ajili ya usalama wetu. Basi namba iliyonitumia ujumbe wa vitisho saa tatu asubuhi nayo ina kidole nyuma yake. Kitafutwe.

Na malalamiko yasihitaji mtu ajue kuandika barua ya kisheria. Fundi wangu alimaliza darasa la saba. Hajui Tume iko wapi, ila anajua ofisi ya serikali ya mtaa, maana ndiko alikopata barua ya utambulisho. Pale mtendaji angekuwa na fomu ya ukurasa mmoja, na uwezo wa kuipeleka inakohusika, watu wangejitokeza kwa mamia.

Siku ile sikuchukua kitenge changu. Nilikaa kwenye benchi, tukafungua simu yake pamoja, tukaenda kwenye mipangilio, tukaondoa ruhusa moja moja, anwani, picha, ujumbe, mahali alipo. Tulipofika kwenye kipaza sauti aliniuliza kwa sauti ndogo, "Kwani walikuwa wananisikia pia?" Nilimwambia kwamba walipewa ruhusa, na nikaona mkono wake unakwenda mdomoni.

Jumapili iliyofuata nilimpeleka kwenye kikoba chetu. Kanuni zetu zinataka mtu mpya anunue hisa kwa wiki nane kabla ya kukopa, naye alinunua, wiki baada ya wiki, hata ile aliyokuja na sarafu tupu. Wiki ya tisa aliomba 100,000 ya mota mpya. Katibu alisoma jina lake, akainua macho kwenye daftari, akauliza nani anamdhamini. Nikanyoosha mkono. Akaniuliza mara ya pili, kama kanuni inavyotaka, kama nimekubali kwa hiari yangu. Nikasema nimekubali, nikapewa kalamu.